Vinu Vilivyomtembeza Bibi

Mwezi uliopita tulimzika shangazi huko Guta, alikoolewa. Matanga yalipokaribia kwisha nilikuwa nimekaa jikoni na wanawake wenzangu, tunamenya vitunguu, mara binti mmoja akaanza kutwanga kitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha mti. Tu, tu, tu. Nikajikuta nimeweka kisu chini. Wakaniuliza kama nalia. Nikasema hapana, ni vitunguu. Havikuwa vitunguu, wala sikuwa nalia hasa. Nilikuwa namsikia bibi akitembea.

Kama ulikulia upande wetu wa Suguti, karibu na ziwa, miaka ile sukari ilipokuwa ya kibali na sabuni tukaisahau harufu yake, basi mengi unayajua. Kaa tu tukumbushane.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa Mwanza wakihangaika na maisha, na babu alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: bibi, shangazi ambaye ndiye mziwanda wake, na mimi. Bibi aliniita mke mwenzangu. Nikichelewa kuamka alisema, "Mke mwenzangu, mume wetu kafariki na wewe unalala tu, nani atatulisha?" Nyumba ilikuwa ya udongo, imeezekwa bati, na nyuma yake kulikuwa na mawe makubwa yale ya kwetu, ambayo kila mtu alianikia kitu chake. Jiwe hili dagaa, jiwe lile muhogo. Muhogo tuliuvundika mpaka ukaota ukungu, tukaukwangua, tukauanika, ukawa udaga. Ugali wa udaga na mtama, na furu, samaki wadogo wa ziwani waliotungwa kwenye vijiti na kubanikwa mpaka vichwa vinaliwa. Nikiwaeleza watoto wangu utamu wa furu wananiangalia kama naongopa.

Ugonjwa wa bibi ulianzia mkono wa kulia. Akikaa ameulaza mapajani, kidole gumba na cha pili vilisuguana bila kupumzika, kama anaviringisha punje ya mtama. Akishika mwiko, mkono unatulia. Niliamini kazi ndiyo dawa yake. Haikuwa dawa. Mwiko ukiwekwa chini, mtama ule usioonekana ulianza tena kuviringishwa.

Baadaye mambo yakaongezeka. Kugeuka kitandani kukawa kazi, shangazi akafunga kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda, bibi akawa anaishika na kujivuta mwenyewe asubuhi. Uji alinywea kibuyu, nusu tu, maana kibuyu kikijaa kilikuwa kinamwagika kabla ya kufika mdomoni. Vifungo vya gauni tulimfungia sisi, yeye anatazama pembeni. Kulishwa hakutaka. Shangazi alijaribu mara moja kumpelekea tonge mdomoni, bibi akafunga mdomo kama mtoto aliyekataa dawa, mpaka shangazi akalirudisha sahanini.

Kilichotuumiza zaidi ni uso. Uso wake uliacha kucheka. Ndani alikuwa yuleyule, mwenye maneno, lakini usoni hapakusogea kitu, na kwa watu wetu mtu asiyekuchekea kwenye salamu ana neno na wewe. Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo uliosikika mpaka ng'ambo ya mawe, ndiye aliyekuja kumkabili.

"Mama, nimekusalimia jana ukaninunia, leo tena. Siku hizi hata kucheka ni kwa kibali kama sukari?"

 Maneno ya bibi nayo yalikuwa yanachelewa kutoka, na sauti ilikuwa imeanza kufifia. Kisha akasema, "Kumeisha dukani. Kukija nitakuita kwenye foleni."

Jirani akacheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo akawa mtu wetu. Sauti ya bibi ilipozidi kushuka, na sisi wakati ule betri za redio tulikuwa tunazianika juani zipate uhai kidogo, jirani alikuwa akipita anauliza, "Mama, nawe tukuanike leo?" Watu wengine walisema bibi karogwa. Wengine walisema ni uzee tu. Yule jirani hakusema lolote kati ya hayo, alikuja tu.

Lakini mlangoni ndipo palikuwa pabaya. Uwanjani bibi alitembea, hatua fupifupi, mgongo umeinama. Akifika kwenye kizingiti, miguu inaganda. Mwili unataka kwenda, miguu imeshika chini kama imepigiliwa misumari. Baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi karakana ya magari Musoma mjini, alikuja kututembelea akamkuta amesimama hivyo. Kwa upendo kabisa akamshika mikono, akamvuta. Mwili ukaja, miguu ikabaki. Bibi akaanguka kifudifudi na jino likatoka. Baba mkubwa alilia pale uwanjani, mtu mzima. Baada ya hapo akawa hamgusi, na pia akawa hamwangalii sana.

Sasa sikiliza jinsi tulivyopata ufumbuzi. Mashine ya kusaga kijijini ilikuwa imelala bila dizeli, kuku wanatagia ndani yake. Kila nyumba ilikuwa imerudi kwenye kinu. Asubuhi moja nilikuwa uwanjani natwanga udaga, bibi akatokeza mlangoni akaganda. Nikaendelea kidogo kwa sababu nilitaka kumaliza. Nikaona kisigino chake kinanyanyuka mchi unapopanda, kinashuka mchi unaposhuka. Nikaacha mchi ili nimkimbilie.

"Usije," akasema. "Twanga."

Nikatwanga. Akavuka kizingiti, akaja uwanjani kama mtu anayeingia kwenye ngoma, akanipita, akafika kwenye jiwe lake akakaa.

"Kichwa kinaiambia miguu nendeni," akanieleza alipopumua. "Haikisikii. Kinu inakisikia."

Ikawa hivyo. Kitongoji kizima kilijua. Alfajiri bibi akitaka kwenda uani, shangazi au mimi tunapiga kinu. Akitaka kwenda kwa jirani, jirani anapokea upande wake, huku kunanyamaza, kule kunaanza. Alikuwa na miiko yake pia. Kinu kitupu hakitwangwi, alisema, kinaita njaa. Hata kama ni kumtembeza tu, lazima utie ngumi moja ya udaga. Na Jumapili hapana, siku ya Bwana haitwangwi. Kwa hiyo kanisani akawa haendi. Mwinjilisti alimletea sakramenti nyumbani, na jioni bibi alinitaka nimwimbie nyimbo zilizoimbwa. Kanisa lilikuwa juu mlimani, yeye alikuwa mmoja wa waliobeba mawe ya kulijenga. Hakulalamika. Ila nilimwona Jumapili asubuhi, amekaa ameligeukia.

Halafu ikaja ruksa ya biashara. Ghafla njia zikafunguka, mitumba ikaja marobota kwa marobota, sabuni zenye harufu, mafuta ya kupikia, kanga mpya. Mfanyabiashara mmoja akaweka mashine ya kusaga njia panda, chini ya kanisa, na dizeli ilikuwepo. Nitasema kweli: nilifurahi kuliko wote. Viganja vyangu vilikuwa na sugu kama vya mvuvi. Wanawake waliimba siku ile ya kwanza kwenye foleni, wamepakwa unga mpaka kwenye kope. Vinu vikageuzwa, vikawa viti vya jikoni, na kuku wakalala juu yake.

Na bibi akaganda tena. Sauti za vinu zilikuwa zimekwisha. Mashine ilisikika mpaka kwetu, lakini ile ilikuwa haisaidii. "Hiyo inakimbia kama mwizi," alisema. "Nani ataifuata?" Nilimtwangia kila asubuhi kabla ya shule, lakini nikiondoka, na shangazi akiwa shambani, anabaki alipo mpaka mmoja wetu arudi.

Baba mkubwa akampeleka hospitali ya Musoma, na huko daktari ndiye aliyeutaja ugonjwa kwa jina, Parkinson, akasema si uchawi, si laana, hauambukizi, na hauponi. Akaandika vidonge. Vikipatikana, bibi alikuwa na asubuhi nzuri. Vikikosekana, na mara nyingi vilikosekana, tulirudi palepale.

Ndipo shangazi akachumbiwa. Mchumba alikuwa wa huko Guta, Bunda, mtu mpole mwenye duka la baiskeli. Wazee walikaa, wakaelewana, siku ikapangwa, Jumamosi. Sasa katika ukoo wetu binti anayeolewa hatangulii njiani. Mama yake hutoka naye nyumbani na kutangulia mbele mpaka mlango wa kanisa, na binti anakanyaga pale alipokanyaga mama. Mama akishindwa, hushika nafasi mwanamke mwingine, lakini binti wa hivyo walisema "amekwenda bila kupelekwa," na neno hilo halikumtoka mpaka uzeeni. Bibi alikuwa amewapeleka mabinti wake wengine. Amebaki huyu.

Baba mkubwa alikuja wiki hiyo na habari kwamba ameazima pikapu.

"Mama tutamtanguliza na gari," akasema. "Akae ndani ya kanisa kabla wageni hawajafika."

"Ili wasimwone?" shangazi akauliza.

"Ili asianguke."  Mtu huyu hakujua kuongopa, ndiyo maana nampenda mpaka leo. "Na wasimwone pia. Watu wanaulizaga magonjwa ya ukoo kabla hawajauliza jina. Wakimwona ameganda katikati ya njia, watasema tumewapa nini?"

Tulikuwa tunakula. Shangazi akaacha kutafuna. Sote tukamgeukia bibi, tukangoja, maana ukiwa na bibi ulipaswa kungoja.

"Mwanangu," akasema, "wanaoa ukoo huu?"

"Ndiyo, mama."

Akauinua mkono wa kulia kutoka mapajani, ukitetemeka, akauweka juu, karibu na taa, tuuone wote. "Na huu umo. Nitatembea."

"Mama, ni mlima ule!"

"Naujua. Niliupanda na mawe kichwani, wewe ukiwa mgongoni."

Baba mkubwa akatoka nje. Nyuma ya ua wa minyaa tukasikia mtu anakohoa. Alikuwa jirani, eti amekuja kuomba moto, na moto wa kwake ulikuwa unaonekana kutoka pale alipokuwa amesimama. Hakuomba tena ule moto. Akasema tu, "Nimesikia," akaondoka mbio.

Kuanzia kesho yake alizunguka nyumba zote za njia ya kanisani. Sikujua alisema nini, ila niliona kuku wanafukuzwa juu ya vinu, na vinu vinaoshwa.

Jumamosi ilikuwa ya jua kali. Bibi alivaa gauni la kitenge cha zambarau na kofia ya mtumba ambayo shangazi aliichagua, akakataa fimbo. Shangazi alisimama nyuma yake na shela. Mimi nilikuwa kwenye kinu chetu, udaga umo ndani. Bibi akanitazama. Uso haukusogea, lakini macho yalikuwa yananicheka. "Haya, mke mwenzangu."

Nikaanza. Tu, tu, tu. Akavuka kizingiti, shangazi akavuka nyuma yake. Walipofika kwenye ua, jirani akaupokea mwendo kwake, nami nikaacha nikawafuata. Kwa jirani wakapita, naye akaungana nasi, nyumba ya pili ikapokea, na ya tatu, mama mmoja mzee sana akitwanga huku amekaa. Hakuna aliyepiga haraka wala kuchelewa. Watu walikuwa wamejifunza mwendo wake miaka ile ya vinu bila kujua kwamba wanajifunza. Nyuma kulikuwa na nyimbo za harusi, na zile nazo zikashika mwendo wa kinu. Vumbi, jasho, vigelegele. Baba mkubwa alikuwa nyuma na suti, mikono yake imenyooshwa mbele kidogo njia nzima, kama mtu anayefuata chungu kinachotaka kuanguka.

Juu mlimani, mbele ya mlango wa kanisa, watu wa Bunda walikuwa wamesimama wanatazama njia yote. Mama wa bwana harusi alikuwa mbele yao.

Tukafika njia panda, na pale ndipo tulipokuwa tumekosea wote. Jumamosi ndiyo siku ya foleni kubwa ya kusaga. Hakuna aliyekumbuka mashine. Ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, kinu cha mwisho tulichokipita hakikusikika tena, nyimbo hazikusikika. Bibi akaganda.

Akasimama katikati ya njia, shangazi nyuma yake. Watu wa juu wanaona. Niliona mabega ya bibi yanajaribu. Niliona jasho linashuka kwenye shingo yake. Shangazi hakumgusa, hakumpita. Alisimama tu na maua yake, na kama bibi angesimama pale mpaka jioni naye angesimama.

Jirani akaingia mashineni kama askari.

"Zima hiyo!"

"Mama, kuna unga wa watu humu ndani!"

"Na mimi nina mtu wa watu huku nje! Zima!"

Mashine ikakohoa, ikafa. Kimya kikashuka, masikio yakavuma. Lakini pale njia panda hapakuwa na nyumba, na kinu cha karibu kilikuwa nyuma kabisa, sauti yake inafika nyembamba. Ndipo nikamwona baba mkubwa anakimbia. Alirudi kwenye nyumba ile, akakibeba kinu begani juu ya suti, mchi mkononi, akarudi nacho, akakitua kando ya njia. Kwetu mwanamume hashiki mchi. Akiushika watoto wanamtungia wimbo. Yeye akaushika kwa mikono miwili, akatwanga. Alitwanga vibaya sana. Alipiga pembeni, udaga ukaruka, ukampaka kwenye tai.

Bibi akageuza shingo polepole. Watu wakanyamaza ili wamsikie.

"Baba," akamwambia mwanawe, "unatwanga au umeona nyoka?"

Njia nzima ikaangua kicheko. Hata watu wa foleni, hata mwendesha mashine. Baba mkubwa alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Taratibu. Nina miguu miwili tu."

Akapunguza. Tu. Tu. Tu. Kisigino cha bibi kikanyanyuka. Akaenda. Baba mkubwa akakibeba tena kinu, akakimbia mbele yake, akakitua, akatwanga, na tena, na tena, mpaka mlangoni. Ngazi za kanisa hazikumsumbua bibi. Ajabu ya ugonjwa ule, kupanda ngazi kulikuwa rahisi kwake kuliko tambarare. Akapanda moja moja, akasimama mbele ya mama wa bwana harusi. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka sana, akautumia huohuo kumshika shangazi na kumweka mbele.

"Nimemleta," akasema. "Kwa miguu."

Mama yule alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake jipya, akampokea binti. Bibi akawatazama watu wote waliojaa pale, wengine wanalia, wengine hawajui wafanye nini. "Mmesimama nini?" akauliza. "Ingieni."

Udaga ule wa njiani wanawake waliuchekecha na kuuleta, kila mmoja bakuli lake, ukachanganywa wote, ukasongwa ugali wa harusi. Mama wa bwana harusi akauliza kwa adabu kama huku kwetu watu hutwanga hivyo kila siku. Jirani akamjibu, "Tukipata wageni wazito tu." Bibi alikula kwa mkono wake mwenyewe. Alimwaga mchuzi kwenye kitenge chake mbele ya wakwe, akajitazama, akaendelea kula.

Sitakudanganya kwamba alipona. Mwaka uliofuata hakutembea tena, hata kwa kinu. Tulimgeuza kitandani, tulimnywesha kwa kijiko, na hapo alikubali kulishwa. Alikufa akiwa na shangazi pembeni yake, amekuja kutoka Guta kumuuguza. Jirani naye alishakufa, na baba mkubwa, ambaye mpaka mwisho wake vijana wa karakana walimwita Mtwangaji na yeye akaitika kwa furaha. Na sasa shangazi. Kati ya waliokuwa mbele ya msafara ule nimebaki mimi.

Nilipotoka Guta nilipitia nyumbani. Furu hakuna ziwani, wanasema sangara aliwamaliza. Njia ya kanisani sasa pikipiki zinapita, na nyumba nyingi zimejengewa kuta, huwezi kuona nani anatoka wala nani amesimama mlangoni kwake. Mashine za kusaga ni nyingi na wanawake wana mikono laini. Sioni ubaya. Nisingetaka binti yangu awe na sugu zile nilizokuwa nazo.

Nilipanda mpaka kanisani, nikakaa kwenye ngazi. Chini niliiona njia yote, ndefu kuliko nilivyoikumbuka, yenye mlima mkali kuliko nilivyodhani. Nilijiuliza mtu ambaye miguu yake haimsikii aliwezaje. Halafu nikaanza kuhesabu nyumba zilizompokea, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, na nikaona kwamba bado nazijua zote kwa majina ya mama wa kila moja.